Siku za giza

Picha ya kwanza niliyoamriwa niifute ilikuwa ya mikono. Mwaka 2015, Soko la Samaki Feri, Dar es Salaam, asubuhi na mapema, mama mmoja alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa akipara samaki aina ya changu, na jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza upande wa Kigamboni. Magamba yalikuwa yanaruka, na kila gamba lilishika mwanga kwa nukta moja kabla ya kuanguka. Nilisimama kama hatua kumi hivi, nikavuta lenzi mpaka mwisho, nikabonyeza. Hakuinua hata kichwa. Alisema tu, "We dada, umeniomba?"

Nilikosa la kujibu. Nikamsogelea, nikamwonesha kioo cha nyuma cha kamera. Aliitazama picha kwa muda, kisha akasema, "Futa." Nikaifuta mbele yake. Ilikuwa picha nzuri na mpaka leo naikumbuka kuliko nyingi nilizonazo, lakini haikuwa yangu, na nilijua hivyo hata kabla hajaniuliza. Ndiyo maana nilisimama hatua kumi.

Kesho yake nilipita bila kamera. Nikamwamkia, nikanunua changu wawili, tukazungumza habari za bei. Siku ya tatu vivyo hivyo. Wiki iliyofuata ni yeye aliyeniuliza, "Kile chombo chako umekiacha wapi?"

Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari. Naishi Kigamboni na shule yangu iko ng'ambo, mjini, kwa hiyo siku zote za kazi navuka na pantoni asubuhi na jioni. Kamera yangu ni Nikon D3200 niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji, ikiwa na lenzi moja tu, ile ya milimita 18 hadi 55 inayokuja na kamera tangu dukani. Sijawahi kulipwa kwa picha na sijatafuta kulipwa. Nilianza kwa sababu kila asubuhi juu ya pantoni niliona watu wamesimama bega kwa bega, na baiskeli zao, na matenga yao, nyuso zote zimegeukia mjini, na mwanga wa jua unawapiga kisogoni, nikawa naumia kwamba kila siku jambo lile linapita na hakuna anayelihifadhi.

Mama wa Feri aliponiruhusu, nilimpiga picha tatu, nikazichapisha studio, nikampelekea. Nilidhani atafurahi. Aliishika ya kwanza, akaigeuza, akaigeuza tena. "Mimi mweusi, mwanangu," akasema, "lakini si mweusi hivi."

Alikuwa na haki. Nyuma yake bahari ilikuwa inang'aa kama bati jipya, na uso wake ulikuwa umezama kabisa, huoni jicho wala tabasamu. Nilirudi nyumbani nikakaa na kamera ile usiku mzima nikitafuta kosa, na nililolipata limebadilisha namna ninavyowapiga picha watu wetu. Kamera haijui uso ni nini. Inapima mwanga wote ulio mbele yake, inachukua wastani, halafu inajitahidi kuufanya wastani huo uwe kijivu cha kati. Mtu mweusi akikaa mbele ya maji yanayowaka, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na anayelipa gharama ni yule mtu. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe naye yanamkuta ya kwake, kanzu inatoka kijivu kama haijafuliwa. Ukiiachia kamera iamue, itawadhulumu wote wawili, na bila kinyongo chochote.

Dawa yake ni kuiambia ipime sehemu ndogo tu, shavuni, au kuiongezea mwanga hatua moja au moja na nusu zaidi ya inavyotaka yenyewe. Bahari ikiungua ikawa nyeupe, na iungue. Baadaye nikagundua njia ya tatu, nayo ndiyo naipenda zaidi: unamwomba mtu asogee chini ya paa la bati, kwenye kivuli kilicho wazi upande mmoja, na mtu mwingine anashika mfuniko mweupe wa boksi la barafu karibu na kifua chake ili urudishe mwanga usoni. Pale Feri mifuniko hiyo imejaa. Picha niliyompelekea mara ya pili ilipigwa hivyo, mtoto wake wa kiume akishika mfuniko. Ngozi ilitoka na rangi zake zote, ule wekundu wa chini kwa chini na mng'ao wa jasho kwenye paji la uso. Hiyo aliichukua, akaifunga kwenye nailoni, akaiweka ndani ya pochi ya pesa.

Dar es Salaam ni mji mgumu kwa mwanga. Tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi zisizofika 7, kwa hiyo jua halizami kwa mshazari, linashuka karibu wima. Ule muda wa mwanga laini ambao wapiga picha wa Ulaya wanaukalia saa nzima, sisi unatuponyoka. Jua likishagusa upeo, una dakika ishirini na kitu tu, kisha ni usiku. Na kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni linasimama utosini, kila mtu ana mashimo meusi machoni. Saa hizo mimi napiga picha za vitu: milango ya Mtaa wa Samora, vivuli vya nyaya, viatu vya mitumba vilivyopangwa chini.

Kariakoo nilikwenda sana kati ya 2017 na 2020, siku za Jumamosi. Jengo la Soko Kuu, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, lilinivuta kwa zege lake, nguzo zinazopanuka juu kama miavuli, na jinsi mwanga ulivyokuwa unaingia kwa pembeni na kuangukia mafungu ya nyanya. Nilipiga picha nyingi za hapo ambazo niliziona za kawaida mno, nikakaribia kuzifuta ili nipate nafasi kwenye kompyuta. Julai 2021 soko likaungua. Tangu hapo sifuti picha ya jengo.

Siku ile nyingine iliyonigeuza macho yangu kuelekea juu ilikuwa Alhamisi, Septemba 1, 2016. Jua lilipatwa. Huko Rujewa, Mbarali, watu walisafiri kwenda kuona pete kamili, jua likizungushia mwezi mweusi. Sisi Dar tulipata sehemu tu, ingawa sehemu kubwa. Nilikuwa shuleni, sina kichujio cha jua, na nilishawaonya wanafunzi wasitazame juu kwa macho matupu, wala mimi sikuwa na nia ya kuielekeza lenzi huko nikaunguza sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, na jicho kwa pamoja. Ilipokaribia saa sita mchana mwanga ukawa wa ajabu, umepungua lakini haujawa wa jioni, kama umechujwa kwa kitambaa. Mwanafunzi mmoja akaniita, "Mwalimu, tazama chini!"

Chini ya mwembe wa shule, mchanga wote ulikuwa umejaa hilali. Mamia ya vijua vidogo vilivyokatwa, vimepangana kama magamba, na upepo ukitikisa majani navyo vinacheza. Kila mwanya kati ya majani ulikuwa umegeuka tundu la kamera. Vile viduara vya mwanga tunavyovikanyaga kila siku chini ya miti ni picha za jua, zimekuwa picha za jua tangu tuzaliwe, ila jua likiwa zima hakuna anayeshtuka. Nilipiga miguu ya wanafunzi, soksi nyeupe na viatu vyeusi, na hilali zimewapanda hadi magotini. Picha hiyo iko ukutani kwangu. Ni ya kupatwa kwa jua na hakuna jua ndani yake.

Baada ya hapo nilianza kukaa nje usiku. Kwanza nilijaribu kule kule nilikokuzoea: nikaweka stendi upande wa Kigamboni, nikaelekeza kamera mjini, nikafungua shata, lile pazia linaloruhusu mwanga uingie, sekunde 10. Majengo yalipendeza na taa zilijichora majini. Anga ilitoka rangi ya chungwa lililooza. Nyota nilizohesabu hazikufika kumi. Nikageuza kamera, nikaipa mji mgongo, nikaielekeza baharini. Huko nako mwanga wa mji ulikuwa umepanda, lakini kwenye picha, pale maji yanapokutana na anga, palikuwa na mstari wa nukta nyeupe, kumi na mbili au kumi na tatu, zimepangana kwa nafasi. Nilidhani ni nyota zinazochomoza. Nikadhani tena ni meli zinazosubiri bandari. Wiki mbili baadaye nilirudi mahali pale pale, mwezi ukiwa mpevu, nukta hazipo hata moja.

Nilimpelekea mama wa Feri ile picha, kwa sababu kufikia wakati huo ndiye niliyekuwa nampelekea kila kitu. Hata hakuhitaji kuitazama mara mbili. "Hao ni watu wa dagaa," akasema, akamwita mzee mmoja, nahodha, aliyekuwa anakunywa kahawa kwenye benchi. Nikamwamkia, akaitika, akaipokea picha na kuiweka mbali kidogo na macho kama wafanyavyo wazee.

Alinieleza jambo ambalo kila mvuvi wa pwani analijua na mimi mwalimu wa jiografia sikulijua. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wanazungushiwa wavu. Lakini mwezi ukiwaka, bahari nzima ni taa, dagaa wanatawanyika, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Kwa hiyo wanafanya kazi siku za giza, na mbalamwezi ikikolea wanapumzika, wanashona nyavu, bei ya dagaa inapanda. Hesabu yao haianzi na Januari wala Jumatatu. Inaanza mwezi unapoandama.

"Wewe na mashine yako mnatafuta nini usiku?" akaniuliza.

Nikamwambia natafuta nyota.

"Basi njoo tunapoingia sisi."

Nimesoma makala nyingi za upigaji picha za usiku tangu wakati huo, na nina programu ya Stellarium kwenye simu inayonionesha kila nyota itakapokuwa. Hakuna iliyonisaidia kama lile jibu moja. Tangu siku ile nikitaka kujua kama usiku unafaa, naangalia kama taa za dagaa zipo. Nyumbani, mama yangu mzazi ana kalenda ya Kiislamu ukutani. Nikiona tarehe 27, 28, 29, nachaji betri.

Mara moja tu nimekwenda kinyume na kanuni hiyo kwa kupenda, nikautafuta mwezi wenyewe ukiwa mpevu. Ijumaa ya Julai 27, 2018, mwezi ulipatwa kabisa, ukakaa ndani ya kivuli cha dunia saa 1 na dakika 43. Kamera yenye lenzi ya milimita 55 inaufanya mwezi uwe na kipenyo cha nusu milimita tu kwenye sensa, nukta, kwa hiyo nikaacha kabisa wazo la kuupiga peke yake. Nilikaa karibu na msikiti wa mtaani kwetu, ambako watu walitoka kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi. Kabla ya kupatwa, picha ilitaka sehemu ya 1 kwa 200 ya sekunde, maana mwezi mpevu ni jiwe lililopigwa na jua la mchana, ndiyo sababu watu wengi wakiupiga kwa simu wanapata doa jeupe. Ilipotimia saa nne na nusu usiku, ukageuka rangi ya shaba, ikabidi nifungue shata sekunde 2 nzima. Pembeni yake sayari ya Mirihi ilikuwa inawaka nyekundu kuliko nilivyowahi kuiona. Kilichonishika zaidi ni mbingu iliyozunguka: mwezi ulipozimika, nyota zilirudi zote, juu ya paa za watu, kana kwamba mtu amefunua kawa. Nilisahau kubonyeza kwa dakika kadhaa. Sijutii.

Kwa mwanamke, usiku una hesabu nyingine pia. Siendi peke yangu. Mdogo wangu wa kiume hunisindikiza na huleta mto wa kulalia. Kabla ya kuweka stendi mahali popote kijijini nampigia hodi mwenyekiti, namweleza nitakuwa wapi na mpaka saa ngapi, namwonesha na picha za nyuma. Mtu anayesimama gizani na kifaa cha miguu mitatu bila kujulikana anawatia watu hofu, na wana haki ya kuogopa. Mjini niliwahi kusimamishwa na mlinzi wa jengo moja aliyetaka kunichukulia kamera. Tangu hapo nauliza kwanza, hata mahali ninapoamini hakuna kizuizi. Yule mama aliponiuliza kama nimemwomba, swali lake lilikuwa pana kuliko nilivyolielewa siku ile.

Sasa nifike Kivinje.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Kilwa Kivinje, kama kilomita 300 kusini ya Dar. Mwishoni mwa Juni 2022 nilikwenda kumjulia hali, na nikapanga safari iangukie siku za giza, mwezi ulikuwa unaandama usiku wa tarehe 29. Ni kipupwe, usiku una baridi ya kuvaa sweta na anga imesafishwa. Baada ya kula nikatoka na mdogo wangu kwenda ufukweni. Tulipozima tochi sikuweza kusema neno. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota nyingi, ilikuwa imetanda kutoka kusini hadi kupita utosini, nene, ina mabonde meusi ndani yake, na kundi la nyota la Nge limejikunja katikati na moyo wake mwekundu. Kwetu sehemu ile angavu kabisa ya Njia Nyeupe hupita karibu utosini. Wenzetu wa Ulaya huiona chini, upeoni, ikiwa wanaiona. Sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja jambo hilo.

Nikaanza kazi. Kufokasi kwa mashine usiku hakuna, kamera inahangaika mbele na nyuma haipati kitu. Nilichagua nyota moja angavu, nikaikuza kwenye kioo, nikazungusha pete ya lenzi kwa mkono mpaka nyota ikawa ndogo kabisa, kisha nikaibandika pete kwa kipande cha selotepu isisogee. Tundu la lenzi nikalifungua lote, na ISO, kiasi cha kamera kuhisi mwanga, nikaiweka 3200. Kuhusu muda, kuna hesabu ya zamani ya kugawa 500 kwa urefu wa lenzi, upate sekunde ambazo nyota hazitarefuka. Kwa kamera kama yangu, yenye sensa ndogo, unazidisha kwanza 18 kwa 1.5, unapata 27, na 500 kwa 27 ni sekunde 18 na kitu. Nilijaribu 20, nyota zikawa zimerefuka kama punje za mchele. Nikarudi 15, zikatulia.

Halafu nikataka nyota zichore njia zao. Nikaelekeza kamera mashariki, nikaiweka ipige picha 160 za sekunde 15 mfululizo, dakika 40, niziunganishe baadaye. Nilikuwa nimefundisha kwa miaka mingi kwamba dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Nimeandika ubaoni, wamenakili, wamefaulu mitihani. Nilipoziunganisha picha zile kwenye kompyuta, kila nyota ilikuwa imechora mstari wa nyuzi 10, na mistari yote ya katikati ilikuwa inapanda karibu wima kutoka baharini, kama mvua inayorudi juu. Picha zote za namna hiyo nilizokuwa nazihusudu kwenye simu zilikuwa na duara, nyota zikiizunguka Nyota ya Kaskazini. Kivinje Nyota ya Kaskazini haionekani, iko chini ya upeo. Nilipogeuza kamera kusini nilipata mapinde, na kitovu chake kiko juu ya upeo kwa nyuzi zipatazo 9 tu. Ukinyoosha mkono ukakunja ngumi, ni kama upana wa ngumi moja. Hiyo nyuzi 9 ndiyo latitudo ya Kilwa yenyewe. Nimeitafuta kwenye ramani na vitabu maisha yangu yote, na ilikuwa imeandikwa pale ukingoni mwa bahari, unaipima kwa mkono wako.

Nilikuwa bado nimesimama pale, saa nane usiku, mjomba wangu akapita anatoka kwenye mazungumzo yake. Akamulika chini. "Hapo uliposimama," akasema, "saa kumi ni baharini." Nilipofika saa nne na nusu maji yalikuwa mbali hata hayasikiki, na mimi niliyepanga safari nzima kwa mwezi kuandama nilisahau kwamba ndiyo siku za bamvua, maji yanakupwa mbali na kujaa hadi kwenye mizizi ya minazi. Tulihamisha vitu. Kabla hata ya saa kumi, mahali pale palikuwa pamefunikwa.

Umande nao ulinipata usiku ule. Picha zote nilizopiga baada ya kuhama zina ukungu, kioo cha mbele kilikuwa kimelowa na sikukigusa kukagua. Usiku wa pili nilifunga chupa ndogo ya maji ya moto kwenye kitenge, nikaiegemeza chini ya lenzi, ikanivusha hadi alfajiri. Nilizozipoteza zilikuwa nzuri, nina hakika, lakini basi.

Alfajiri ile ya pili bibi aliamka kwa ajili ya swala, akanikuta uani nimeelekeza kamera kaskazini-mashariki. Zuhura ilikuwa imechomoza inawaka, na juu yake kidogo palikuwa na kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana. Juni ile sayari tano zinazoonekana kwa macho zilijipanga alfajiri kwa mpangilio ule ule wa vitabuni. Niliziona nne, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, zikipanda angani kama hatua za ngazi. Utaridi ilifichwa na mawingu ya upeoni. Nilitaka kumwonesha bibi hizo. Yeye akanionesha kile kifungu.

"Kilimia kimerudi," akasema.

Nikamwambia najua jina tu. Akavuta mkeka, akakaa. Alisema wakiwa wadogo walikuwa wanakitazama kikizama magharibi jioni, wakati wa masika, kisha kinapotea kabisa kwa wiki kadhaa, halafu kinazuka alfajiri kama hivi. Baba yake alikuwa akisema, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa hiyo walijua waandae majembe au waanike. Kilimia ni cha kulima, ndiyo maana ya jina lake. Nikamuuliza anahesabu nyota ngapi. "Zamani sita. Siku hizi naona wingu tu."

Nikapiga. Lenzi milimita 55, sekunde 5. Nikaikuza picha kwenye kioo, nikampelekea pale mkekani. Akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kuhesabu kwa sauti, akapita sita, akapita kumi, akafika ishirini na tatu akanyamaza, akarudisha kamera, akaenda kutia udhu. Alipomaliza kuswali akaniuliza kama picha hiyo inaweza kuchapishwa kubwa. Iko sebuleni kwake sasa, imetundikwa chini ya saa.

Mwaka uliofuata lenzi yangu iliota kuvu. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na mimi nilikuwa naifungia kamera ndani ya mkoba wa ngozi kabatini, gizani, mahali kuvu inapopapenda. Ilikuwa kama utando wa buibui ndani ya kioo. Fundi mmoja aliifungua, akaisafisha, ikarudi ikiona vizuri upande mmoja na upande mwingine umepinda. Nikanunua nyingine iliyotumika, ya aina ile ile. Siku hizi kamera inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu. Wanafunzi wangu wananiletea, kila anayenunua viatu vipya ananikumbuka.

Mwishoni mwa Mei 2025, mwezi ukiwa umeandama, nilikwenda Kimbiji na mdogo wangu. Ni Kigamboni hiyo hiyo lakini kusini zaidi, taa za mji zimebaki nyuma ya mgongo. Saa tatu usiku Njia Nyeupe ilikuwa inanyanyuka kusini-mashariki, imesimama juu ya maji kama moshi wa moto wa mbali, na chini yake kabisa, upeoni, taa za dagaa. Niliisimamisha kamera wima ili vyote viingie, anga na bahari. Sekunde 15. Nilipiga hiyo moja, nikaikagua, nikafuta kioo, nikapiga nyingine nne zinazofanana nayo, tukakaa mchangani tukala mihogo.

Nilichapisha nakala mbili kubwa, nikazipeleka Feri asubuhi ya Jumamosi. Yule nahodha amezeeka, haingii tena kila giza, lakini usiku ule alikuwa ndani. Aliiweka picha mbali na macho, akapita juu ya Njia Nyeupe bila kusimama, akashuka moja kwa moja hadi kwenye ule mstari wa nukta. Akazihesabu kutoka kushoto kwa ukucha wa kidole gumba. "Hii ya nne ni sisi," akasema. "Hii ya tano ni shemeji yangu, ona taa yake hafifu, betri ilikuwa inamsumbua." Akaendelea hadi mwisho, kila nukta na mwenyewe.

Ya pili ilikuwa ya mama. Alikuwa kwenye ndoo yake, kisu mkononi, magamba yamemganda hadi viwikoni. Akakiweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga, upande mmoja na wa pili, akaipokea kwa ncha za vidole.